Mzee wa Funguo na Sababu Zake Tisini na Tano

Niliamini, kwa moyo wote, kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha, kwamba Mzee wa Funguo aliandika sababu tisini na tano za kuninyima mke. Si tisini, si mia. Tisini na tano. Deusi, niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja Ruwi, aliapa kwamba karatasi hiyo ameiona kwa macho yake, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mzee, wino mwekundu pande zote mbili. Sababu ya kwanza: ni Mkatoliki. Ya arobaini: anacheka kabla hajamaliza kuchekesha. Ya tisini na tano: ana meno mengi kuliko anayoyahitaji.

Mtu mwenye akili angemuuliza Deusi alipata wapi muda wa kuzisoma zote. Mimi niliuliza tu ya sitini na mbili ilisema nini.

Mzee huyo nimemjua miaka tisa, na kati ya hiyo saba nilimchukia kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa kuchukia. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja hakuna atakayemjua kwalo. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Mzee wa Funguo, na ndani ya simu yangu yumo hivyo hivyo mpaka leo, kabla ya Mzee wa Kuku na Mzee wa Visa.

Hapa Maskati makanisa yetu yako ndani ya uwanja mmoja pale Ruwi. Wakatoliki upande huu, Waprotestanti upande ule, geti moja, pakingi moja, bomba la maji moja. Ugomvi uliochoma watu moto huko Ulaya, kwetu umebaki kuwa ugomvi wa nani ameziba gari la nani. Siku yetu kubwa ni Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ambayo matajiri wanatuachia tupumue. Jumapili tuko kazini kama Wahindi, kama Wabangali, kama kila mtu. Na sisi wa Kiswahili tulikuwa wachache mno kuweza kugawanyika vizuri. Basi Misa yetu ikiisha na ibada yao ikiisha, tulikutana wote katika ukumbi mdogo wa nyuma, tukaimba, tukala pilau, tukapeana habari za nyumbani. Ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja, na ufunguo wa mlango ule ulining'inia kiunoni mwa Mprotestanti mmoja, fundi wa AC.

Ulining'inia pamoja na wenzake kumi na sita. Funguo kumi na saba kwenye pete moja, na mlango ni mmoja! Hizo nyingine zilifungua nini, hakuna aliyejua. Nilikuwa nikimsikia akija kutoka stendi ya basi, na stendi iko mbali. Alipopita karibu na paka, paka walisimama wakidhani wanaitwa. Na hakumpa mtu pete ile hata kwa dakika moja, hata akienda chooni.

Siku moja mama mmoja wa Mbeya, Mkatoliki mwenzangu, alimchokoza. "Mzee, si ninyi mnaofundisha kwamba kila mwamini ni kuhani? Mbona kila mwamini hana ufunguo?"

"Ukuhani hauibiwi, mama," alisema. "Viti vinaibiwa."

Mimi nilisema kwa sauti ya kusikika na watu wanane kwamba Waprotestanti walimkataa Papa wa Roma, Mungu akawacheka, akawapa mwingine wa Ruwi. Mzee alisikia. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi, akafungua mlango.

Kazi yake ilikuwa kuwapa watu baridi, na yeye mwenyewe aliishi ndani ya joto. Alitengeneza AC za nusu ya nyumba za Khuwair ya Kusini; Waarabu walimpigia simu mwezi wa sita wakilia kama watoto. Mwezi wa sita hapa unaweza kukaanga yai juu ya kofia ya askari. Lakini ukumbini AC haikuwashwa mpaka sala ya kwanza iishe. Tulikaa tunachuruzika, wanakwaya wanatota mpaka kwenye soksi, naye amesimama mbele, amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, anaomba polepole, anaombea nchi zote anazozifahamu. Akisema amina, anatazama mlango, halafu anasema, "Aliyekuja kwa ajili ya baridi ameshaondoka. Sasa washeni."

Na usidhani alikuwa mtu wa kueleweka. Aliwahi kusema mbele yetu kwamba rozari ni kuhesabu badala ya kuomba. Wiki ile ile AC ya padre wetu ikafa, naye akaja kuitengeneza bila malipo. Padre akamkaribisha chai. "Nimekuja kwa AC, Padre, sikuja kwa mafundisho," alisema, akakataa kikombe. Kisha akakaa pale saa mbili nzima wakibishana habari za toharani, wanacheka, na alipotoka alikuwa amekunywa birika lote. Nilikuwa nje na gari ya udobi nikisubiri mashuka ya padre. Nililiona birika likitolewa, limegeuzwa juu chini.

Ndiyo, mimi ni dereva wa udobi. Nachukua nguo chafu nyumba kwa nyumba, narudisha safi, na hakuna shati la Maskati nisilolijua siri yake.

Jambo jingine la kumhusu, na hili ndilo lililonifikisha kwenye vita. Wazazi wetu wako mbali. Dada wa kazi akipata matatizo na tajiri wake, simu ya kwanza alipigiwa mzee, na mzee alienda, na funguo zake, akabisha hodi kwenye geti la Mwarabu kama mtu aliyekuja kusoma mita. Kwa mabinti wa upande wao alikuwa baba. Kwa hiyo mtu akitaka kuposa, posa ilipelekwa kwake. Na mambo yalikwenda kama nyumbani: binti hamwambii mposaji hapana usoni, baba ndiye hutoa jibu, na jibu la baba halina maelezo.

Binti niliyemtaka aliitwa Upendo. Alikuwa yaya kwenye nyumba moja Khuwair, Mprotestanti mwenye sauti ya pili katika kwaya, na alicheka kila nilichosema. Nilipomsimulia nilivyofukuzana na ngamia kwenye barabara kuu nikamshinda, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nilipomwambia kwamba namtaka awe mke wangu, alisema, "Mambo hayo peleka kwa Mzee."

Mtu mwingine angesikia maneno hayo tu. Mimi nilisikia kengele za kanisa.

Nikatuma ujumbe. Mzee akaomba wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa na siku arobaini. Ijumaa ikafika, nikavaa suti niliyoipiga pasi mwenyewe mara nne, nikabeba halua ya Maskati, kilo tatu, ya zafarani na njugu, nikaenda naye nyuma ya ukumbi kwenye viti vya plastiki. Akanawa mikono. Akafungua boksi. Akachota kona moja ya halua kwa vidole vitatu, akala, akalamba kidole.

"Halua nzuri," alisema.

"Asante, Mzee."

"Ni ya Nizwa?"

"Ya hapa hapa, Mzee."

"Nzuri sana." Akafunika boksi. "Mwanangu, jibu ni hapana."

Nilidhani anazungumzia halua. "Hapana ya nini?"

"Ya posa."

"Kwa sababu mimi ni Mkatoliki?"

Akashika zile funguo, akazibana kiganjani zisilie. "Hapana ni yangu," alisema. "Usimuulize binti. Usimsumbue. Ukiwa na hasira, niletee mimi."

Akanirudishia boksi. Alikula kwanza, akakataa baadaye! Nilitembea nalo hadi chumbani, na ile kona iliyoliwa ilinitazama njia nzima. Jioni hiyo Deusi alikula iliyobaki, na ndipo aliponihadithia habari za karatasi. Miezi mitatu baadaye mkataba wa Upendo ukaisha, akarudi Tanzania. Nikajua amefukuzwa na huzuni.

Basi nikala kiapo. Mzee aliniambia nimpelekee hasira yangu, nami nilikusudia kumpelekea yote, ikiwa imefungwa vizuri, na anwani yake juu. Kumpiga ngumi ni dhambi, tena alikuwa na mikono ya kubebea kompresa za AC. Nilitaka kumshinda pale alipojivunia. Nilitaka kumwonyesha, mbele ya watu, kwamba dini yake yote ilianza kwa utovu wa adabu. Tatizo lilikuwa moja: sikujua ilianzaje. Shule niliiacha Kidato cha Pili.

Kulikuwa na mama mmoja Khuwair ya Kusini niliyempelekea nguo, Muomani wa wale waliotoka Unguja, mwalimu mstaafu. Sote tulimwita Bibi. Katika chumba chake cha wageni cha nje, baada ya magharibi, alisomesha Waswahili wanaotaka kufanya mtihani wa Kidato cha Nne wakienda likizo. Hakudai kitu ila uvue viatu na ulete daftari. Nikavua viatu.

"Bibi, nataka kusoma jinsi Waprotestanti walivyoasi."

"Hilo halimo katika mtihani."

"Kwangu limo, Bibi."

Alinitazama juu ya miwani. "Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Mwanangu, hakuna mtu anayeulizia mambo ya miaka mia tano asiyekuwa kaudhiwa wiki hii." Akavuta kiti. "Haya. Mie Muislamu, ugomvi huo hauna langu ndani yake, ndo maana ntakusomesha bila ya kupindisha. Lakini nnakuonya. Ukisoma kwa ajili ya kumpiga mtu, utaondoka na nusu ya somo."

Nusu ilinitosha. Jumapili, Jumanne na Jumatano nilikaa pale naandika kwa hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Akanisomesha habari za yule mtawa wa Kijerumani aliyechukizwa na vyeti vya msamaha, vilivyouzwa ili kujenga kanisa kubwa kule Roma. Akanisomesha hoja zake tisini na tano, na niliposikia hesabu hiyo niliruka kama nimekalia pasi. Mzee hakuibuni idadi! Aliirithi!

"Aliandika kwa Kilatini," Bibi alisema, "wasomi wajadiliane, basi. Wenye mashine za kuchapa ndio waliozikimbiza mji kwa mji. Yeye hakutaka kuihama nyumba, alitaka ifagiliwe."

"Lakini alitoka."

"Muulize Mkatoliki, atakwambia alitoka. Muulize mwenzake, atakwambia alitolewa. Papa akamwandikia barua ya kumtisha, naye akaitia moto, akatengwa. Akaitwa mbele ya mfalme mkuu ayakanushe maandishi yake, akakataa. Hapo tena nani anakumbuka aliyeanza?"

"Na ile karatasi, aliigongomea mlangoni?"

"Inasemwa. Wapo wasomi wanaosema haikugongomewa popote, aliipeleka kwa barua kwa askofu. Aliyeiona nyundo hayupo."

"Yangu ipo, Bibi. Deusi kaiona."

"Kaiona, au kakwambia kaiona?"

"Bibi, tuendelee na somo."

Baada ya miezi minane nilijiona nimeiva. Ijumaa moja, pilau imeliwa, nikasimama ukumbini na daftari langu. Watu walikuwa arobaini. Mimi huwa nasema mia mbili.

"Mzee, kwa heshima zote. Ninyi mlitoka wapi?"

"Makumbako," alisema. Watu wakacheka.

"Namaanisha kanisa lenu."

"Ah. Hilo lilitoka kwenu."

"Kwetu! Na mtu akitoka kwao bila ruhusa anaitwaje?"

"Inategemea. Akirudi mikono mitupu anaitwa mpotevu. Akibaki huko akajenga anaitwa mhamiaji, kama wewe na mimi."

Wakacheka tena, hata mama wa Mbeya, msaliti yule. Nikafungua ukurasa wa silaha nzito. "Mwanzilishi wenu alikuwa mtu wa hasira na matusi!"

"Kweli kabisa," mzee alisema, akafunga macho kidogo. "Alikuwa na mdomo mchafu. Wakulima walipoinuka aliwaandikia wakuu wawapige bila huruma. Na habari za Wayahudi aliandika mambo ambayo sisi wajukuu zake tunaona haya kuyasoma. Yaongeze kwenye daftari, naona hukuyafikia."

Hakuna kinachoudhi kama adui anayekuokotea mawe. Nilisimama pale nimeshika kalamu, na kwa aibu yangu nikayaandika.

"Na mimi nikuulize," alisema. "Vile vyeti vya msamaha vilikuwa vya nini?"

"Vya kujengea kanisa."

"Lilikuwa zuri?"

"Zuri mno, Mzee. Hakuna kama lile."

"Basi tuombe."

Na tukaomba! Mimi niliyesimama kubomoa, nikafumba macho pamoja na niliokuja kuwabomoa.

Niliposhindwa kwa maneno nikarudi kwenye taaluma yangu. Shati lake jeupe la Ijumaa lilikuja kwenye udobi wetu kila wiki. Nikamwambia mpiga pasi atie wanga mara tatu kwenye kola. Ijumaa hiyo mzee aliingia ukumbini kama kabati linalopitishwa mlangoni. Hakuweza kugeuza shingo. Ukimsalimu kutoka pembeni, alizunguka mwili mzima na funguo zote kumi na saba. Alisoma Zaburi akitazama dari. Nilicheka kimoyomoyo mpaka nikapata kichomi.

Baada ya ibada akanifuata. "Nani amenyoosha shati hili?"

"Sisi, Mzee."

"Limenyooka. Nataka yote yawe hivi."

Kwa miaka minne, wiki baada ya wiki, alileta mashati yake akidai wanga ule ule. Mpiga pasi akawa ananilaani kwa Kimalayalam, lugha ya kwao India. Kisasi kikawa kazi ya ziada.

Mwisho nikaona dawa ni moja: kujitenga. Kama yule mtawa wao alitoka kwetu, mimi nitatoka kwao. Nikamchukua Deusi na vijana wawili, tukaanza ushirika wetu kwenye stoo ya udobi, katikati ya mashuka yaliyoning'inia. Tuliuita Ushirika wa Kweli. Ijumaa ya kwanza tuliimba mpaka vipimo vya mashine vikacheza. Ya pili tukagombana nani akae na ufunguo wa stoo. Nikasema mimi, kwa sababu sabuni zinaibiwa. Ya tatu Deusi akataka AC iwashwe kabla ya sala, na nikajisikia, Mungu anisamehe, nasema kwa sauti isiyo yangu, "Aliyekuja kwa ajili ya baridi..."

Deusi hakungoja nimalize. Alitoka na kijana mmoja, wakaanzisha ushirika wao kwenye mgahawa wa chapati. Mimi nikabaki na mmoja, naye alikuwa amelala.

Bibi nilipomsimulia alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Na wao ilikuwa vivyo hivyo!" alisema. "Hawajapoa, wakaanza kugombania mkate na divai, Mjerumani na Mswisi. Kila aliyetoka, nyuma yake kulikuwa na mwengine anatoka."

Sikucheka. Sikurudi ukumbini pia. Nilikwenda Misa, nikitoka napita geti bila kutazama nyuma, na masikio yangu yakizisikia zile funguo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Basi mimi sikuwa mshindani. Nilikuwa mtu wa kisasi.

Lakini nilisoma. Nililenga kumjibu mzee, mtihani nikaufaulu bila kukusudia kama mtu anayekimbiza kuku akavuka mpaka wa wilaya. Nilikwenda likizo, nikafanya mtihani, nikapata Kidato cha Nne. Historia nilipata B, ambayo mimi huita A kwa sababu msahihishaji lazima alikuwa na njaa. Bibi alikishika cheti changu kwa mikono miwili. "Sasa nenda kamwoneshe huyo aliyekuudhi," alisema. "Kisha rudi usome nusu iliyobaki."

Nikauliza ukumbini mzee yuko wapi. Wakaniambia amehamia mji wa pwani wa Qurayyat, anaangalia mitambo ya baridi kwenye ghala la samaki. Nikaomba gari kwa tajiri. Nikavaa suti ile ile ya posa. Kwenye kiti cha pembeni niliweka cheti na daftari, ambamo miaka hiyo yote nilikuwa nimeandika majibu tisini na matano kwa sababu ambazo sikuwahi kuzisoma.

Nilimkuta mlangoni mwa ghala. Nje jua linaunguza mpaka nzi wametafuta kivuli. Yeye amevaa koti la sufu na kofia ya kuziba masikio, pumzi inamtoka kama moshi. Amekonda. Kiunoni palikuwa kimya.

"Funguo ziko wapi, Mzee?" Nilikuja na maneno mengine, hayo yakatangulia.

"Nimemwachia Mkatoliki mwenzako, yule mama wa Mbeya. Anazipoteza kila wiki. Ukumbi unalala wazi." Akatabasamu. "Na viti bado vipo."

Nikatoa cheti. Akavua glovu kukishika, akakisoma chote, hata maandishi madogo ya chini. "Kidato cha Nne," alisema. "Ulisoma ili unijibu mimi?"

"Ndiyo."

"Basi nimefanya kazi kubwa kuliko niliyoijua."

"Mzee, sikuja kusifiwa. Nimekuchukia miaka saba."

"Najua. Shingo yangu ilijua." Akagusa kola yake. "Wanga ule, mwanangu, Ijumaa moja ulinitoa damu."

Nilikosa pa kutazama. Lakini kisasi kikianza kuteremka hakina breki. "Nipe karatasi," nikasema. "Ile ya wino mwekundu. Nataka kuisoma sababu kwa sababu."

Hakuelewa, au alijifanya haelewi. Akaenda kwenye kiti chake, akaleta Biblia. Karatasi ilikuwemo, imekunjwa mara nne, wino mwekundu pande zote mbili. Nikaikunjua. *Khuwair, geti la buluu, gesi. Ghorofa ya pili Ruwi, feni inalia. Chumba cha Padre, kapasita.* Nikageuza upande wa pili. AC na AC, mpaka chini.

"Nyingine uliificha wapi?"

"Nyingine ipi?"

"Kwa nini ulisema hapana?"

Mkono wake ukaenda kiunoni kutafuta funguo za kubana, ukakuta koti. "Hapana ni yangu," alisema, maneno yale yale, kwa upole ule ule wa kuudhi. Halafu akaingia ndani, akarudi na nguru mkubwa ndani ya mfuko wa barafu. "Upendo amerudi, yuko Ruwi, nyumba ya nyuma ya stendi ya basi. Mpelekee. Mwambie baba yake anamsalimu."

Hapo nikajua nimeshinda. Ameishiwa! Ameona cheti, ameogopa, sasa anafidia kwa samaki na ananifungulia njia ya kwenda kwa binti. Nilirudi mjini naimba sauti zote nne peke yangu, na nguru amefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni juu ya daftari langu.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyevaa aproni ya mpishi, shingoni ana rozari. "Karibu, kaka," akasema. Upendo akatokea nyuma yake, amenenepa kidogo, amependeza.

"Jamani, wewe! Ingia! Huyu ni mume wangu."

"Mkatoliki?" nikauliza, sijasalimia.

"Kama wewe."

"Mzee anajua?"

"Posa aliipokea yeye, kwa simu, nikiwa nyumbani. Alikubali siku ile ile."

Barafu ilikuwa inayeyuka juu ya viatu vyangu. Miaka saba ikanitoka mdomoni mara moja. "Kwa hiyo huyu Mkatoliki amekubaliwa!" nikasema, na majirani nadhani walisikia. "Mimi nikala hapana! Mimi nikaandikiwa sababu tisini na tano!"

"Sababu gani?"

Nikamweleza yote. Karatasi, wino, Deusi, meno. Mume wake, mtu mwenye adabu, aliupokea mfuko akaingia jikoni, akafungulia maji. Nilimaliza nikangoja acheke, maana Upendo alicheka kila nilichosema. Hakucheka.

"Hakuna karatasi, kaka," alisema. "Wala si dini. Mzee alikupenda, alinibembeleza wiki nzima nikukubali. Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu sikuwahi kujua lini unasema kweli. Nikamwomba aseme hapana ni yake, ili usione aibu."